Siku Nilipomjibu Mkaguzi wa Shule

Mwanangu alirudi kutoka shuleni wiki iliyopita mikono ikimnuka spiriti. Alipita jikoni kuchukua mkate, na kabla hajasema neno niliisikia ile harufu, na chini yake nyingine ya nyama baridi iliyokaa kwenye friji. Nikamuuliza leo walifanya nini. Akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyonijibu siku zote, kwamba wamepasua jicho la ng'ombe na kwamba msichana mmoja nusura azimie. Akacheka, akaingia chumbani kwake. Mimi nilizima jiko nikakaa. Chakula kilichelewa siku hiyo na sikuwaeleza nyumbani kwa nini.

Wenzangu mliokulia huku ughaibuni mnajua inavyokuwa. Kila mmoja wetu ana harufu yake inayomrudisha kwa wazazi, na kwa wengi ni ya chakula. Yangu ni hiyo. Baba alikuwa akiweka macho ya ng'ombe kwenye friji ya nyumba yetu pale Hässelby, ndani ya kopo la aiskrimu, rafu ya chini. Kwa kuwa kwetu kopo la aiskrimu halikukaa na aiskrimu zaidi ya siku moja, Mama alilifungua mara nyingi akidhani ni maharage, na kila mara alimwita Baba kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Nataka hilo liandikwe kwanza, kwamba alikuwa mtu wa kucheka, kwa sababu yanayofuata hayana kicheko.

Baba alitoka Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na huko alikuwa mwalimu wa biolojia kabla vita havijamfukuza. Mama ni Mkenya, Mtaita, aliyekuja kusoma akaishia kuwahudumia wazee katika makao yao. Baba alikuwa na Kifaransa chake, Mama na Kiingereza chake, wakakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akiona cha mwenzake ndicho kilichopinda. Kwa miaka mingi Baba alifunga nati kwenye kiwanda cha malori Södertälje. Aliondoka nyumbani kabla sijaamka, na jioni alisomea kibali cha ualimu cha huku. Wanaume wengi wa rika lake waliokuja na vyeti vyao walichoka wakaacha. Yeye alichoka bila kuacha. Nilikuwa na miaka kumi, na mdogo wangu bado anatambaa, alipopata kazi katika shule ndogo ya Kikristo pale Spånga, jengo la matofali mekundu karibu na stesheni ya treni. Nikahamishiwa hukohuko ili tuwe tunakwenda pamoja.

Asubuhi ya kwanza Mama alimpigia pasi koti jeupe. Kwao mwalimu wa sayansi hufundisha na koti jeupe, na Baba hakuwa tayari kuingia darasani bila hilo, ingawa pale hakuna mwalimu mwingine aliyelivaa. Wanafunzi walimwita Etienne, jina lake tupu, kama wanavyoitwa walimu wote wa huku. Nilipomsimulia Mama, aliweka kijiko chini akashindwa kuendelea kula. Baba mwenyewe hakujali kabisa. Alisema hata wakimwita Sufuria ni sawa, maadamu yuko mbele ya ubao.

Alikuwa mwalimu hasa, nasema hivyo nikijua mimi ni bintiye. Alitufundisha mabadiliko ya viumbe kwa wiki kadhaa, bila haraka. Alitulinganishia mkono wa mtu na bawa la popo, mfupa kwa mfupa. Alitueleza juu ya ndege wa visiwani na midomo yao, akatuchorea jinsi jicho lilivyoanza likiwa doa tu linalohisi mwanga, likaendelea hatua kwa hatua mpaka likawa jicho. Kisha akatoa kopo la aiskrimu. Tulipasua kwa wembe, wawili wawili. Tulitoa lenzi tukaiweka juu ya gazeti, na herufi zikakua. Nyuma kabisa ya jicho kulikuwa na utando wa rangi ya bluu na kijani uliong'aa, na darasa zima, wakorofi wakiwemo, likainama kutazama.

Baada ya hapo Baba alitazama saa, akavua koti lake akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Akasema somo limekwisha na anayetaka kwenda aende. Wengi waliondoka kuwahi treni. Tulibaki wachache, mimi nikiwa mmoja wao kwa kuwa sikuwa na pa kwenda bila yeye. Ndipo akatuambia, akiwa na shati tu, kile alichokiamini yeye mwenyewe: kwamba jicho lile lina mpango na mpango una mwenyewe, na kwamba kila anapolipasua anamwona aliyelipanga. Alisema kitabu cha sayansi hakisemi hivyo, anayesema ni yeye. Mimi nilidhani amevua koti kwa sababu ya joto. Hita za shule ile zilikuwa kali, na niliona jasho shingoni mwake.

Hapa inabidi nieleze habari ya wageni. Kwetu mgeni akija, mtoto hajifungii chumbani. Anaitwa sebuleni, anasalimia kwa mikono miwili, anasimama wima mikono nyuma, anakariri fungu lake la Biblia la wiki hiyo na baada yake jambo moja alilojifunza shuleni. Baba alikuja na desturi hiyo kutoka kanisa la kwao, na Mama hakuipinga maana naye alilelewa hivyohivyo. Ilikuwa na kanuni zake. Mgeni unampa kilicho bora. Unasema kile tu ulichokishika chote, mwanzo hadi mwisho, na kilichobaki nusunusu unakiacha, kama usivyoweza kumpakulia mtu ugali mbichi. Na ukishasema hubadilishi. Kanisani tulikuwa na mashindano ya mafungu, na mwamuzi alipenda kumkatiza mtoto katikati na kumuuliza kama ana hakika. Aliyeyumba aliketi chini. Mimi sikuyumba hata mara moja. Baba alikuwa akinitazama kutoka benchi la nyuma, ananiitikia kwa kichwa polepole, na sikutaka kitu kingine duniani.

Yale maneno yake ya jicho niliyashika yote. Niliwakariria wageni wawili au watatu wa nyumbani, nao walipiga makofi.

Mwezi uliofuata mwalimu mkuu alitutangazia kwamba tutapata wageni muhimu. Hilo lilinitosha. Sikujua kwamba ni wakaguzi wa serikali, na hata ningejua nisingeelewa wanakagua nini. Nimekuja kuielewa sheria yenyewe nikiwa mtu mzima. Huku shule inaruhusiwa kuwa ya Kikristo. Inaweza kuwa na sala ya asubuhi na nyimbo kwa anayetaka. Lakini somo ni somo. Ndani ya kipindi cha sayansi mwalimu anafundisha sayansi, na kuwaambia watoto kwamba viumbe vimesanifiwa na mwenye akili kunahesabiwa kuwa imani, hata kama huyo msanifu hukumtaja jina. Kwa hiyo jambo zito halikuwa tu kile Baba alichosema. Lilikuwa pia amekisema lini, kabla somo halijaisha au baada.

Wageni walikuwa wawili. Aliyetushughulikia sisi alikuwa mama wa makamo mwenye mvi fupi na sweta ya bluu, mpole wa sauti. Alituchukua wanne wanne kwenye chumba cha vitabu, akatuuliza tumejifunza nini kuhusu wanyama na walivyotokea. Wenzangu waliinua mabega. Mmoja alisema hajui, mwingine akasema macho, akaishia hapo. Niliona aibu kwa niaba ya shule nzima. Mgeni ametoka kwake amekuja, na hakuna anayempa kitu. Nikasimama, nikaweka mikono nyuma.

Aliniambia naweza kuketi. Sikuketi. Nilimkariria maneno ya Baba kwa Kiswidi, yote, bila kukwama. Mkaguzi aliandika, na kadiri alivyoandika ndivyo nilivyozidi kuvimba kichwa, maana nyumbani hakuna mgeni aliyewahi kuniandika. Aliuliza nani amenifundisha. Nikasema Etienne. Aliuliza kama ilikuwa kwenye somo, lile la jicho la ng'ombe. Nikasema ndiyo. Mwisho akauliza kama tumefundishwa pia jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Hapo nilikuwa na vipandevipande tu, popo, ndege, doa la mwanga, na sikuwa nimevishika vizuri kiasi cha kumpa mtu. Nikatikisa kichwa kukataa. Alinisubiri kidogo, akaandika na hilo.

Niliporudi darasani nilimwona Baba kwa mbali akifuta ubao. Nilijizuia kumwambia chochote. Nilitaka asikie sifa zangu kutoka kwa mgeni mwenyewe.

Barua ya wakaguzi ilipofika shuleni na tuhuma mbili, kwamba mabadiliko ya viumbe hayafundishwi na kwamba imani inafundishwa ndani ya somo, nyumba yetu ilibadilika. Mama alianza kuzima redio kila aliposikia neno shule. Gazeti moja liliandika habari za shule za dini, na ingawa halikututaja, kanisani kila mtu alijua. Baada ya ibada watu walisimama na vikombe vyao vya kahawa wakibishana. Wengine walimtaka Baba aende mahakamani kupigania haki ya kulisema jambo hilo darasani, kwa hoja kwamba kutaja msanifu hakumlazimishi mtoto kusali. Wengine walisema ni dini ileile iliyobadilishwa jina, na kwamba shule inayoendeshwa kwa kodi ya watu wote haiwezi kuwalisha watoto wa watu wote imani ya baadhi yao. Baba aliwaudhi wa pande zote mbili. Aliwaambia sheria iko sawa, na kwamba hajawahi kutaka kuivunja. Akilisema ndani ya somo, alieleza, itabidi alitungie mtihani, na yeye hawezi kumpa mtoto alama kwa imani yake.

Madaftari yetu yalionyesha kwamba mabadiliko ya viumbe tulifundishwa, tena vizuri, hilo likafutwa. Likabaki moja tu, wakati gani. Baba alisema baada ya somo. Waliobaki siku ile walipoulizwa walisema hawakumbuki. Binti yake mwenyewe alisema katika somo.

Jumapili moja mchana mwalimu mkuu alikuja nyumbani. Alikuwa Mswidi mrefu, mtu mwema, akaketi ukingoni mwa kochi kana kwamba amekuja kuhani msiba. Mama alimpa kahawa na maandazi. Mimi nilikuwa chumbani na mdogo wangu, nikisikia sauti tu kupitia mlango. Shabaha ya ujio wake nilikuja kuijua baadaye. Bodi ya shule ilikuwa imeamua kwamba kama mwalimu alisema yale ndani ya somo, aondoke, ili shule isinyang'anywe kibali. Lakini mwanasheria wao aliona mlango mmoja bado uko wazi. Wazazi wangeandika kwamba mtoto ameulizwa upya, na kwamba alichanganya somo na mazungumzo ya baadaye. Karatasi ilikuwa mezani tayari, imebaki sahihi.

"Sifa, kuya," Baba aliniita kwa Kiswahili cha kwao.

Nilitoka, nikamsalimia mgeni kwa mikono miwili, nikasimama mahali pangu pa siku zote.

"Ile maneno ya jicho," Baba alisema, "niliyasema mu somo, ao kisha somo kuisha?"

Nilimtazama mgeni, nikaitazama karatasi, nikamtazama Baba. Uso wake haukuwa na dalili yoyote, kama uso wa mwamuzi. Nikajua ninapimwa. Kumbe mgeni amekuja kuona kama nitasimamia nilichosema au nitayumba.

"Mu somo, Baba."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Sifa, hebu fikiria vizuri kwanza," alisema. Baba akainua mkono kumnyamazisha.

"Una hakika?"

Swali lenyewe hasa. Nilijinyoosha zaidi.

"Nina hakika."

 Baba akaniitikia kwa kichwa, polepole, kama alivyofanya kutoka benchi la nyuma. Akamgeukia mwalimu mkuu, akamtafsiria jibu langu kwa Kiswidi, akamwambia kwamba katika nyumba hii mtoto akiruhusiwa kusema hafundishwi baadaye cha kusema. Mwalimu mkuu alimkumbusha kwa upole kwamba nina miaka kumi, hakuna atakayenilaumu. Baba aliisukuma karatasi upande wa pili wa meza bila kuitia sahihi.

Nilirudi chumbani nimefurahi. Nalisema wazi kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilimwinua mdogo wangu nikamzungusha, nikihisi nimeshinda shindano gumu kuliko yote niliyowahi kuingia.

Muhula ulipoisha Baba aliandika barua ya kuacha kazi. Shule ikaeleza kwamba kasoro ilikuwa ya mwalimu mmoja na imerekebishwa, kibali kikabaki. Kila alipoomba nafasi kwingine waliuliza kwa nini aliondoka, naye hakuwa mtu wa kuficha. Akarudi kufunga nati Södertälje. Niliambiwa tu kwamba Baba amebadilisha kazi, nikaamini, mpaka asubuhi moja ya baridi tulipokuwa tumechelewa na mimi nimemwaga uji kwenye nguo. Mama alikuwa ametoka zamu, hajalala. Aliniambia kwamba ni mdomo wangu huo uliomrudisha baba yangu kiwandani.

Aliniomba msamaha siku ileile, akanikumbatia sana. Lakini nilikuwa nimeshasikia. Sikuuliza ni maneno gani, niliyajua papo hapo. Shuleni nilijifunza kuinua mabega kama wenzangu. Wageni walipokuja nyumbani, Baba aliniita mara ya kwanza nikasema tumbo linauma, akaniita mara ya pili nikasema nina kazi ya shule. Akaacha kuniita. Sijui aliwaza nini. Nilidhani amechoka nami, nikaona ni haki yake.

Kilichoniumiza miaka yote hiyo ni kwamba sikuwahi kuwa na hakika kama nilikosea. Nilikumbuka jicho, nilikumbuka maneno, na kwa kumbukumbu ya mtoto yote yalikuwa kitu kimoja, siku moja, chumba kimoja. Wakati mwingine, Mungu anisamehe, nilidhani huenda Baba ndiye aliyedanganya. Sikumuuliza. Alifariki majira ya baridi mawili yaliyopita, moyo ulisimama akiwa anavaa viatu.

Baada ya siku ile ya harufu ya spiriti nilifanya nilichokuwa nakiogopa. Huku nyaraka za ukaguzi ziko wazi kwa yeyote anayeziomba, unaandika barua pepe tu. Zilikuja kesho yake. Nilisoma maneno yangu mwenyewe, yaliyoanza: mwanafunzi mmoja wa darasa la nne anaeleza. Nikasoma maelezo ya Baba aliyoyatoa mwanzoni, kabla ya Jumapili ile. Aliandika kwamba somo linapoisha huvua koti lake na kulitundika, na kuwaambia wanafunzi wako huru kwenda, kwa sababu anataka wajue anayezungumza sasa ni nani, mwalimu au mtu mwenye imani yake. Ndipo lile koti kwenye msumari, na wenzangu wakikimbilia treni, vikanirudia. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa tarehe ya baada ya Jumapili hiyo: mwalimu amepewa nafasi ya kuongeza maelezo, na hana la kuongeza.

Jumamosi nilikwenda kwa Mama. Nilimkuta anaosha vikombe. Nilimuuliza kama Baba alijua kwamba nilikosea.

"Alijua," Mama alisema. "Yule mgeni alipotoka tu nilimwambia, Baba Sifa, mrudishe huyo mtu. Mtoto amechanganya, mrekebishe, kesho atakuwa amesahau. Akakataa. Alisema: nikimgeuza mtoto maneno mbele ya mgeni leo, hatasimama tena mbele ya watu maisha yake yote."

Aliendelea kuosha vikombe. Nilichukua kitambaa nikaanza kuvifuta, na yakanijia ya majira yale ya baridi. Siku ya mazishi ya Baba jina langu lilikuwa kwenye ratiba, mtoto wa kwanza, nisome wasifu wa marehemu. Liliposomwa, nilimpa mdogo wangu ile karatasi aende yeye, nikabaki nimekaa.